Kabla hamjatia saini: barua ya wazi kwa Nyumba ya Maaskofu ya Kanisa Anglikana Tanzania

Mhashamu Baba Askofu Mkuu, na Mababa Askofu wa dayosisi zote,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa mliolelewa upande wa Magila, Masasi na Mkunazini: Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesalimia mara mbili makusudi. Mwanglikana akihama Dodoma kwenda Tanga hubadilisha salamu, humwita mchungaji wake padri, huenda misani badala ya kwenda kwenye Ushirika Mtakatifu, na baada ya Jumapili chache huzoea harufu ya ubani. Lakini cheti chake cha ubatizo hakuna anayekitilia shaka. Tumeishi hivyo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Anayewaandikia ni mlei wa Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao yake Dodoma. Nimewahi kuwa mhazini wa parishi na mjumbe wa sinodi ya dayosisi. Kuhusu ndoa naamini walivyoamini wazazi wangu, kwamba ni ya mume na mke, na nalisema hilo mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia kambi. Ninachotetea ni kingine: nafasi ya dayosisi kutofautiana na jimbo lake, yaani kanisa zima la nchi, bila kuonekana imeasi, na wajibu wa jimbo kuziuliza dayosisi kabla ya kuzifunga kwa saini ya mtu mmoja katika mpango wa kuachana na Canterbury.

Kilichonisukuma mnakijua. Tarehe 3 Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Sarah Mullally, wakati huo Askofu wa London, ndiye atakayekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa kiroho wa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Hazikupita wiki mbili. Tarehe 16 ya mwezi huohuo Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina duniani, akatoa barua inayotangaza kwamba Ushirika wa Anglikana unaanza upya. Msingi wake, ilisema, ni Biblia peke yake. Vyombo vya zamani, yaani Canterbury, Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa dunia nzima, Baraza la Ushauri la Anglikana na kikao cha maaskofu wakuu, vinakataliwa. Majimbo yasihudhurie mikutano inayoitishwa na Canterbury. Yasilichangie Baraza la Ushauri wala kupokea fedha zake. Na yale ambayo bado hayajarekebisha katiba yaondoe maneno yanayoyaunganisha na kiti cha Canterbury na Kanisa la Uingereza.

Siibezi barua hiyo. Haikuzuka tu. Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikubali sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, ikijua fika kwamba sehemu kubwa ya Waanglikana duniani hawatakubaliana nayo. Aprili mwaka huohuo watu zaidi ya 1,300 kutoka nchi 52 walikutana Kigali na kusema kwamba Canterbury imepoteza haki ya kuwaongoza. Ukimsikiliza Mkristo wa Kigali au wa Kampala akieleza alivyojisikia, humsikii mtu mwenye chuki. Unamsikia mtu aliyechoka kuambiwa na London asubiri, huku London yenyewe haisubiri mtu. Na kuna jambo ambalo sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kuelezwa: ni ajabu kwamba kiongozi wa kiroho wa mamilioni ya Waafrika anateuliwa kwa utaratibu wa taifa moja la Ulaya. Tangu 2022 tume inayompendekeza imeongezewa wajumbe kutoka nje ya Uingereza. Sasa ni watano kati ya 17. Watano! Hayo ndiyo maendeleo tuliyopata.

Kwa hiyo sikuja kuitetea Canterbury. Nimekuja kuuliza nani atakayeulizwa.

Mniruhusu nirudi nyuma, maana historia ya jambo hili ni ya kwetu kabisa, na nashangaa jinsi tunavyoisahau. Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta namna ya kufanya kazi pamoja. Mwisho wa mkutano Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakashiriki. Habari zilipomfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliwaka. Aliandika barua ya wazi (mnaona, si mimi niliyeianzisha desturi hii) na kumtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, amfungulie Peel mashtaka ya uzushi pamoja na mwenzake, Willis wa Uganda. Magazeti ya Uingereza yalijaa habari za kijiji ambacho wasomaji wake hawakujua kiko wapi. Jibu la Canterbury lilitoka 1915, na lilikuwa la tahadhari kiasi kwamba watu walilifanyia utani: ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, ila isirudiwe kamwe.

Weston hakuishia hapo. Mwaka huohuo wa 1915 alitangaza kwamba dayosisi yake haina tena ushirika na Askofu wa Hereford, kule Uingereza, kwa sababu ya mwanateolojia mmoja ambaye askofu huyo alimpa cheo. Dayosisi moja ya pwani ya Afrika Mashariki, peke yake, ikikata ushirika na askofu wa Kanisa la Uingereza! Na hakuna aliyemnyang'anya Weston kiti chake. Alikufa 1924 pale Hegongo, Magila, akiwa bado Askofu wa Zanzibar.

Nawaomba Mababa Askofu wa dayosisi za asili ya UMCA, ile misheni ya misa na ubani aliyotoka Weston, muipime habari hiyo. Uhuru wa dayosisi kusema "hapana" mbele ya wakubwa wake haukuletwa na wanamageuzi wa Marekani. Katika pwani hii waliouzoea kwanza ni wahafidhina, na ulitumiwa kwa kelele kubwa. Weston angelazimishwa kufuata walio wengi wa wakati wake, huo ubani, hizo misa na hayo maungamo mnayoyatunza leo yangekuwa wapi?

Mwaka 1960 lilipoundwa Jimbo la Afrika Mashariki, dayosisi ya Weston na dayosisi ya Peel zilijikuta chini ya askofu mkuu mmoja, Leonard Beecher. Mwaka 1970 jimbo likagawanyika, Kenya ikaenda na lake, sisi tukabaki na letu, na Askofu Mkuu John Sepeku akawa wa kwanza kuliongoza. Ndani ya jimbo hilo jipya walikuwamo wa CMS, misheni ya Kiinjili, waliofundishwa kwamba kuungama kwa padri ni mambo ya Roma, na wa UMCA, waliofundishwa kwamba kanisa lisilo na misa kila siku lina upungufu. Hakuna upande ulioushinda mwingine. Tuliachiana. Anayesema kwamba umoja wetu umejengwa juu ya kukubaliana kwa kila jambo hajawahi kukaa kwenye kamati ya liturjia.

Utaratibu huohuo wa kuachiana ndio uliotuvusha kwenye suala la wanawake. Dodoma, zama za Askofu Mdimi Mhogolo, wanawake waliwekewa mikono kuwa makasisi. Dayosisi nyingine, hasa za upande wa UMCA, zilikataa, na hazikufichaficha. Wala jimbo halikupasuka.

Niwape picha moja. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumzika ndugu yetu katika dayosisi moja ambayo haiweki wanawake kwenye ukasisi, sitaitaja. Katika msafara wetu alikuwamo kasisi mama mmoja, shemeji wa marehemu, amevaa kola yake. Tulipofika, padri wa pale alitoka sakristia, akatupokea kwa mikono miwili, akamwamkia yule mama kwa heshima zote, kisha akamvuta pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia: "Mama, leo utanisaidia kusoma somo la kwanza, ila altareni sitaweza kukupeleka. Askofu wangu hajaruhusu." Yule mama akajibu, "Hamna neno, padri. Stola yangu nimeiacha kwenye basi." Akasoma Hekima ya Sulemani, sura ya tatu, roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu, kwa sauti ambayo hata wachimba kaburi waliokaa nje walinyamaza. Baada ya maziko yule padri alimletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, wakala sahani moja na wazee.

Je, ilikuwa haki? Mimi naona haikuwa. Mama yule ni kasisi Dodoma na ni kasisi Tanga na ni kasisi popote pale, na kuna siku kanisa letu litalazimika kulisema hilo kwa kinywa kipana. Lakini mtazame yule padri. Alijua mpaka alioambiwa asiuvuke, na ndani ya mpaka huo alitafuta kila nafasi ya kumheshimu mgeni wake. Angekuwa na waraka mkononi uliotiwa saini nchi ya mbali, unaosema kwamba wenye msimamo kama wa yule mama si wenzake tena, angefanya nini? Somo lenyewe angempa?

Hapo ndipo nafika Desemba 2006.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 2003 Kanisa la Episkopo la Marekani lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu wa New Hampshire, na Ushirika mzima ukatikisika. Tarehe 7 Desemba 2006 Nyumba ya Maaskofu ya Tanzania ilitoa tamko kwamba ushirika wetu na kanisa lile umeharibika vibaya, na kwamba jimbo halitapokea kwa kujua fedha wala misaada kutoka kwa dayosisi, parishi, maaskofu, makasisi, watu binafsi au taasisi za kanisa lile zinazounga mkono mahusiano ya jinsia moja. Magazeti ya nje yaliandika kwamba Watanzania wamekataa fedha za Marekani. Wengi walitupigia makofi.

Dodoma haikupiga makofi. Askofu Mhogolo alijitenga na tamko lile hadharani, na dayosisi yake ikaendelea na wabia wake. Wako waliomwita msaliti, na wako waliosema amenunuliwa. Hakuwahi kufungisha ndoa ya jinsia moja Dodoma, wala hakuna aliyemtuhumu kwa hilo. Kosa lake lilikuwa kukataa kuambiwa avunje urafiki ambao dayosisi yake iliujenga yenyewe.

Mwaka uleule wa 2006 ulikuwa umeanza kwetu mpango wa Carpenter's Kids, parishi za Dayosisi ya New York zikishirikiana na parishi za Dodoma kuwatunza yatima, wengi wao wa UKIMWI. Kila parishi iliunda kamati yake. Nikiwa mhazini, kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Ukitaka kujua ugumu wa teolojia, kaa chini ya mbuyu na bibi mwenye wajukuu wanne, ukiwa na nafasi za wawili. Watoto walipata sare za shule, viatu, madaftari, na asubuhi kabla ya masomo, uji. Walikuja na vikombe vya plastiki vya kila rangi, vingine vimepasuka mdomo, na mpishi wetu alijua kumpa mwenye kikombe kilichopasuka mara mbili nusunusu ili usimwagike. Wenye viatu vipya walitembea wakiangalia chini, wasikanyage mawe.

Sasa niambieni: katika daftari langu ningeandikaje? Parishi ipi ya New York iliunga mkono nini katika kura ipi? Ningemuuliza nani? Tamko lilisema "kwa kujua". Je, mhazini wa parishi ya kijijini alitakiwa ajue, au alitakiwa afumbe macho? Maaskofu waliotia saini walirudi majumbani kwao. Swali walituachia sisi tuliobaki na sufuria ya uji.

Najua jibu mtakalonipa, nami nalichukulia kwa uzito. Mtasema kwamba fedha ina masharti yake, kwamba anayekulisha hatimaye atakufundisha, na kwamba maskini mwenye heshima hula kidogo kuliko kuuza imani. Ni kweli. Nimeona miradi iliyokuja na wageni wake, ajenda zake na hata lugha yake ya kuandikia taarifa. Lakini fedha za upande wa pili nazo zina masharti. Tiketi za ndege kwenda Jerusalem 2008, Nairobi 2013, Jerusalem tena 2018 na Kigali 2023, hoteli na ukumbi, si sadaka za wakulima wa mtama zilizolipia vyote hivyo. Kama tunakagua mifuko, tukague yote.

Halafu tazameni matokeo. Februari 2007, miezi miwili tu baada ya tamko, maaskofu wakuu wa dunia nzima walikutana kwetu, Dar es Salaam. Baadhi yao walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na Katharine Jefferts Schori, askofu kiongozi wa Marekani. Waliotaka Marekani ibanwe walipata walichotaka kwenye karatasi: Kanisa la Marekani likapewa hadi tarehe 30 Septemba 2007 kutoa ahadi. Tarehe ikaja, ikapita. Marekani ilibaki na msimamo wake, Afrika na wake. Jumapili ya mkutano ule walikwenda Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa kuu lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na Rowan Williams akahubiri. Miaka 200 ilikuwa imetimia tangu Uingereza ipige marufuku biashara ile. Mimi ningependa kanisa letu likumbukwe kwa ibada ile ya Mkunazini kuliko kwa tarehe ya mwisho ambayo haikumaliza kitu.

Barua ya Oktoba 2025 inarudi kwenye yaleyale ya 2006, ila kwa upana zaidi: mikutano, fedha, na safari hii katiba. Tamko mnaweza kulitoa asubuhi na kulisahau jioni. Katiba ni kitu kingine.

Majirani zetu Wakenya wametupa mfano wa jinsi mambo haya yanavyokwenda. Sinodi yao ilikubali kimsingi mwaka 1980 kwamba wanawake wanaweza kuwekewa mikono, kisha jambo likalala. Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno South hakusubiri tena. Alimweka Lucia Okuthe kuwa kasisi. Baadhi ya wenzake walinuna. Baadaye jimbo zima likafuata. Januari 2021 Emily Onyango akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawa Askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza dayosisi. Alichaguliwa na watu wa Butere kwa utaratibu wa kanisa lao. Ndipo maaskofu wakuu wa GAFCON wakakumbusha kwamba walikuwa wamekubaliana kusitisha uwekaji wakfu wa maaskofu wanawake.

Walikubaliana na nani? Mkristo wa Butere alikuwa ukumbini? Hilo ndilo swali langu lote kwenu. Kanisa la Kenya ni la kihafidhina kuhusu ndoa, ni la GAFCON tangu mwanzo, na bado dayosisi moja iliyofuata kanuni zake yenyewe ilijikuta inasemwa kwa sababu ya makubaliano yaliyofanyika juu ya kichwa chake. Ikiwa hayo yamewapata Wakenya, Dodoma yenye makasisi wanawake itegemee nini? Katika tamko lake la tarehe 3 Oktoba Askofu Mkuu Mbanda hakuficha: moja ya hoja dhidi ya Mullally ni kwamba wengi katika Ushirika wanaamini uaskofu ni wa wanaume tu. Basi mkitia saini kwa ajili ya suala la ndoa, mtakuwa mmetia saini na suala hili pia, hata kama hamkukusudia.

Nisieleweke kwamba kila dayosisi ijifanyie ipendavyo. Dayosisi si kisiwa. Haina mamlaka ya kubadilisha Kanuni za Imani, wala ya kuunda sakramenti, wala ya kufungisha ndoa ambayo Sinodi Kuu haiitambui. Dayosisi ikivuka hapo, jimbo lina haki ya kuita kikao na kuuliza. Lakini nani awe rafiki yake, nani afundishe kwenye chuo chetu cha teolojia cha Msalato, mama yupi awekewe mikono, na kama askofu wake ahudhurie Lambeth au asihudhurie, haya tumeyaacha mikononi mwa dayosisi kwa muda mrefu na hayajatuua.

Kuna na watu ambao barua zote hizi zinawazungumzia bila kuwasalimu. Wapo katika makanisa yetu, wanaimba kwaya, wanatoa fungu la kumi, na kila tamko likisomwa madhabahuni wanainamisha vichwa kana kwamba wanatafuta ukurasa. Azimio 1.10 la Lambeth 1998, ambalo wahafidhina wote hulinukuu kwa sababu linasema ndoa ni ya mume na mke, linasema pia kwamba watu hao waliobatizwa ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo, kwamba kanisa litawasikiliza, na kwamba woga usio na msingi dhidi yao ulaaniwe. Sehemu ya kwanza nimeisikia ikisomwa kanisani mara nyingi. Ya pili sijawahi. Kama mtatuma waraka wowote, nawaomba muitume nzima.

Sasa maombi yangu. Mkiamua kulishughulikia jambo hili, tuleteeni maandishi kwa Kiswahili. Barua ya GAFCON, na pia mapendekezo ya Nairobi na Kairo ya Desemba 2024, yanayotafuta njia ya kuulegeza uhusiano na Canterbury bila kuuvunja, nimeyasoma kwa Kiingereza, kwa msaada wa mpwa wangu na kamusi. Wazee wa kanisa wa Mvumi, Kongwa na Chamwino watayasomaje? Hatuwezi kupiga kura juu ya kitu tulichosimuliwa. Jimbo lina watafsiri. Kitabu cha sala kilitafsiriwa, hiki hakitashindikana.

Kisha yashusheni kwenye sinodi za dayosisi kabla hayajafika Sinodi Kuu, na muda uwepo wa kutosha, si karatasi ya kugawiwa asubuhi ya kikao pamoja na chai. Dayosisi ziseme zenyewe, kwa maandishi. Zitakazotaka kujiunga na ushirika huo mpya zisizuiwe, na zitakazotaka kubaki na Canterbury zisiitwe waasi. Na kama katika katiba kutaongezwa neno lolote, liongezwe na kifungu kinachosema kwamba uamuzi wa jimbo kuhusu uhusiano na makanisa ya nje hauilazimishi dayosisi kuvunja ubia wake, wala kumvua mtu daraja aliyowekewa mikono kihalali. Kifungu hicho kitamlinda mama kasisi wa Dodoma. Kitamlinda vilevile padri wa Korogwe, siku walio wengi watakapogeuka na kumtaka aache ubani.

Kuhusu fedha naomba jambo moja tu. Msipitishe katazo ambalo hamko tayari kulitekeleza wenyewe. Kama ni lazima tuchague wafadhili kwa kuangalia imani yao, basi ofisi ya jimbo ichapishe kila mwaka orodha ya fedha zote ilizopokea kutoka nje, kwa jina la aliyetoa na kusudi lake, za Canterbury na za wapinzani wa Canterbury. Mhazini wa parishi akiona mfano huo atajua la kuandika kwenye daftari lake.

Nakala ya barua hii nimempa kasisi wangu na wajumbe wa sinodi wa parishi yetu. Majibu yenu yakipitia kwao yatatufikia sote.

Wenu katika Kristo,

Mlei wa Dayosisi ya Central Tanganyika
Dodoma